Koti la Bwana Kimya

Jumanne, 4 Machi

Mjomba akaisimamisha tena picha ya televisheni pale pale, Bwana Kimya kashika kitasa cha mlango. Mjomba akaniambia, "Shika tepu chini, usitikise." Nikashika. Mjomba akailaza tepu juu ya kioo cha televisheni, kutoka begani mpaka kwenye pindo la koti, akahesabu kwa midomo. Ule mlango ni inchi sita na nusu kwenye kioo. Mlango wenyewe wa kweli ni futi sita na nusu, maana ni mlango wa posta ya zamani, na yeye alikwenda kuupima kwa mkono wake ujanani, askari wakamuuliza anapima nini.

"Kwa hiyo kila inchi ya kioo ni futi moja ya mtu," kasema. "Andika. Kifua arobaini na mbili. Bega kumi na nane na nusu. Mkono ishirini na tano."

Nikaandika humu kwenye daftari la vipimo. Kasema niandike na mengine, kila siku, maana Bwana Kimya huandika kila siku kwenye kidaftari chake, hata siku ambayo hakuna kitu. Nikamwambia mi shule niliishia darasa la tano.

"Kwani nimekuambia uandike barua ya serikali?"

Basi ndiyo naandika.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sare za shule kumi na mbili, zote sketi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemuuliza Mjomba kwa nini koti. Nilingoja mpaka anipe mgongo, ndiyo huwa naweza kumuuliza mtu kitu.

Bwana Kimya ni jasusi wa kwenye televisheni, picha za zamani za nyeusi na nyeupe, mi hata sijazaliwa. Mjomba anavyo vipindi vyote kwenye kanda, ishirini na sita, vimepangwa kwenye rafu chumba cha nyuma anakolala, juu ya deki. Ukimwambia namba anakuambia nani alikufa na nani alisaliti.

Kasema: kipindi cha mwisho, Bwana Kimya yuko kituo cha treni. Mvua inapiga. Maadui wamekamatwa, kazi imekwisha. Anamkuta mtoto wa watu kwenye benchi, amelowa chapachapa, anatetemeka. Anavua koti lake la kijivu, anamfunika. Hasemi neno. Anaondoka na shati tu, anaingia kwenye mvua, mpaka humuoni tena.

"Na ndiyo mwisho, hawakutengeneza tena," kasema. "Nilikuwa kijana kama wewe. Tumejazana kwa jirani mwenye televisheni, watu wanapiga makofi. Mi nikasema, jamani, huyu mtu hana koti. Wakanicheka mpaka nikatoka nje. Wiki ya pili yake nikaenda kuomba kazi kwa fundi cherehani." Akauma uzi. "Miaka arobaini ananyeshewa."

Sikujua nicheke au nisicheke. Yeye hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja kama kila Jumapili alasiri. Wako wawili tu. Nesi mstaafu, yule mwenye miwani ya kamba, na Fundi Saa wa duka la pembeni. Wanakaa chumba cha nyuma na Mjomba, wanaangalia kipindi kimoja, halafu wanagombana. Mi nashona vifungo mlangoni, nawaona wote.

"Saa ya huyu bwana inasema saa kumi na dakika kumi tangu kipindi cha kwanza," Fundi Saa kasema. "Jasusi gani anaokoa nchi na saa mbovu?"

"Mwanamume kama yule wakati unamngoja yeye," Nesi kasema.

"Ungemngoja wewe."

"Nilimngoja. Nilikataa wachumba wawili."

Mama alikuwa anapita na ndoo. Mama ni dada yake Mjomba, tunaishi wote hapa hapa nyuma ya duka. Akauliza, "Na yeye akaja?"

"Bado," Nesi kasema. Wakacheka mpaka Mjomba akashika tumbo. Halafu kicheko kikaisha, mkono ukabaki pale pale tumboni. Nadhani niliona mi peke yangu.

Nesi alikuja na gazeti. Mwigizaji mwenyewe, yule aliyekuwa Bwana Kimya, yuko hai. Anatimiza miaka themanini tarehe 24 Mei. Anakaa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Hana mke, hana mtoto.

Mjomba akalisoma mara mbili. Akaenda kwenye sanduku lake la bati, akatoa kitambaa cha sufu ya kijivu, kimefungwa kwenye shuka, kinanuka vidonge vya nondo. Kasema kakiweka miaka kumi na minane. Hakuna aliyekuwa anajua, hata Mama.

"Tunampelekea siku hiyo hiyo," kasema. "Wote wanne."

"Kaka, dawa umekunywa?" Mama akauliza.

"Nazungumza habari ya koti wewe unazungumza habari ya dawa."

"Koti halina tumbo."

Jumamosi, 15 Machi

Mjomba kachora chaki, mi nimekata. Zamani alikuwa hamwachii mtu mkasi wake. Leo mkono wake ulikuwa unacheza, akauangalia kama mkono wa mtu mwingine, akanipa mkasi. Arobaini na mbili kamili, na nafasi ya mshono. Nilitoka jasho. Sufu ukikosea hakuna kurudi, mkasi haujui samahani.

Jumapili, 16 Machi

Kipindi cha tisa. Nesi kalia pale pale anapoliaga.

Jumanne, 18 Machi

Mjomba katoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kwa msumari. Ni la tatu tangu mwaka uanze. Nimeona vumbi la ngozi sakafuni.

Jumapili, 23 Machi

Mvua imepiga siku nne. Bati la duka linavuja juu ya cherehani ya pili, tumeisogeza. Nimepiga bandi mgongo na kifua, zile nyuzi ndefu za kushikiza kabla ya mshono wenyewe. Mjomba kaketi kwenye kiti cha wateja na blanketi, ananifundisha kwa mdomo. "Usiivute. Sufu ni kama mtoto anayelala, ukimvuta anaamka amenuna."

Fundi Saa kauliza je, yule mzee akikataa?

"Nani anakataa koti lake mwenyewe?" Mjomba kasema.

Alhamisi, 3 Aprili

Hospitali. Mimi na Mama na Mjomba, tangu asubuhi mpaka saa tisa. Daktari ni kijana, aliongea na Mama pembeni, kwenye korido, mi nikasimama karibu na ndoo ya mchanga, nikasikia. Kasema, "Mrudisheni nyumbani. Mpeni anachopenda." Mama akauliza, "Na dawa?" Daktari akaangalia kalamu yake.

Kwenye teksi Mjomba akauliza, "Wamesemaje?"

Mama kasema, "Wamesema upumzike."

Mjomba akageuka akaniangalia mi. Nikaangalia dirisha. Nje kulikuwa na mwanamke anafukuza mwavuli wake uliochukuliwa na upepo.

Ijumaa, 4 Aprili

Siandiki.

Jumanne, 8 Aprili

Mjomba hakai dukani tena, yuko chumba cha nyuma kitandani mchana kutwa, mlango tumeuacha wazi anisikie nikishona. Kasema mlio wa cherehani ndiyo dawa yake.

Nimepunguza suruali zake mbili. Nilimpima akiwa amelala. Kifua kilikuwa thelathini na nane mwezi wa kwanza, najua maana nilimshonea shati. Leo thelathini na tano.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na siyo kwa ajili yake tu. Nikashusha madaftari ya zamani ya vipimo, yapo yote chini ya meza. Nikamtafuta mteja mmoja, yule mwalimu mkuu aliyekuwa anashona kwetu tangu Mjomba anaanza. Kifua arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Halafu arobaini, thelathini na nane, thelathini na sita, mara ya mwisho thelathini na tano na nusu. Miaka thelathini imekaa pale kwenye kurasa, mtu anapanda halafu anashuka.

Koti tumelikata arobaini na mbili. Tumempima mtu aliye ndani ya kioo. Yule hazeeki. Mwenyewe ana miaka themanini.

Mjomba kapima watu maisha yake yote, mtu akiingia tu mlangoni anajua kiuno chake. Na hakuliwaza hilo. Wala Nesi, wala Fundi Saa ambaye kazi yake ni saa. Kila Jumapili wanamuona ni yule yule.

Ningesemaje?

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Nesi. Nikamwambia nimekuja kuuliza kama ana uzi mweusi. Duka letu zima limejaa uzi mweusi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda tena kwa Nesi. Nikasema nimekuja kuona kama bati lake linavuja.

Jumapili, 13 Aprili

Mara ya tatu. Nesi akafungua, akaweka mikono kiunoni. "Kijana, unataka kunioa? Sema tu, nimekwisha kataa wawili, nitajua namna ya kukukataa na wewe."

Nikaangalia viatu vyake nikamwambia yote. Akakaa kwenye ngazi. Kasema, "Themanini. Jamani. Na mimi nimekuwa nani?" Akajishika mashavu, kama anajipima.

Anamjua mwuguzi mmoja kwenye ile nyumba ya wazee, walifanya kazi pamoja zamani. Atampigia ampime. Nikamwomba asimwambie Mjomba. Kasema, "Wewe na huyo Bwana Kimya wako mmekula kiapo kimoja."

Jumatano, 16 Aprili

Nesi kaja na karatasi. Kifua thelathini na tano. Bega kumi na sita. Urefu umepungua inchi tatu, mgongo umepinda. Mikono hawakupima, maana aliikunja kwa baridi akakataa kuinyoosha.

"Anakumbuka ile michezo?" nikauliza.

Nesi akavua miwani. "Hakumbuki kitu. Wakimwambia alikuwa Bwana Kimya anasema samahani, mmekosea mtu. Kutwa nzima anakaa dirishani analalamika baridi. Ndiyo hivyo tu. Baridi, baridi. Wanamwekea blanketi, analivua, anasema siyo lake."

Kifua thelathini na tano. Cha Mjomba, sawasawa.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya.

Siku tano nimelizunguka lile koti. Limefika pazuri, lina kola, bado bitana ya ndani. Mjomba kila asubuhi ananiita niliinue alione kutoka kitandani. Anatabasamu. Anasema, "Ona bega lile. Bega la mtu aliyebeba siri." Nami nalishusha.

Niliwaza nimwambie. Nilifika mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaangalia kipindi cha kumi na nne, sauti kaifunga, anasema maneno yote mwenyewe, ya adui na ya Bwana Kimya. Mara ya pili alikuwa kalala mdomo wazi, nikamuona mzee. Nikasema moyoni, huyu amebakiwa na mtu mmoja tu ambaye hajazeeka, halafu mimi nije nimwambie naye pia kazeeka?

Lakini nikisema nimshonee huyu wa kwenye kioo, yule wa dirishani atavaa nini? Litamning'inia kama nguo kwenye kamba. Baridi itaingilia huku itokee kule.

Mama alikuwa sokoni. Mvua ilikuwa kubwa, nikajua itafunika mlio. Nikafumua mishono yote ya pembeni na mabega. Nikatandaza. Nikachora chaki upya, thelathini na tano, bega kumi na sita, urefu nikapunguza. Mikono nikaikata inchi mbili, kwa kukisia. Nikashika mkasi wake. Nilipoanza kukata, mvua ikakata na yenyewe, ghafla, kama mtu kafunga bomba. Mkasi ukabaki unalia peke yake nyumba nzima.

"Unakata nini?" Mjomba kutoka chumbani.

"Sare, Mjomba."

Mkasi nikaushika wazi.

"Za wapi?"

"Za pale pale, sketi."

"Haya," kasema.

Nikaendelea kukata. Mabaki ya sufu nikayaficha kwenye mfuko chini ya meza. Mikono yangu ilikuwa inanuka nondo, nikainawa kwa sabuni ya kufulia mara tatu. Sijawahi kumdanganya Mjomba. Hata nilipokuwa mdogo nikiiba vipande vya chaki nilikuwa namwambia.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuniita niliinue koti. Sijui kwa nini.

Jumapili, 27 Aprili

Deki imemeza kanda ya kipindi cha mwisho. Ilikuwa hapo hapo kwenye kituo cha treni, picha ikajikunja, ikalia, ikazima. Fundi Saa akaifungua na bisibisi zake ndogo, akaitoa kanda kwa koleo la saa, taratibu, kama anamtoa mtu mwiba. Kipande cha dakika moja hivi kimetafunika kabisa. Kakata, kaunga. Sasa Bwana Kimya anamuona mtoto kwenye benchi, halafu hapo hapo anatembea kwenye mvua na shati.

"Nisamehe," Fundi Saa kasema.

"Usijali, kipo," Mjomba kasema. Akafumba macho akakisema chote, polepole. Namna anavyofungua vifungo kuanzia chini. Namna anavyolishika koti kwa kola, analitikisa maji kwanza kabla ya kumfunika mtoto. Namna mtoto anavyotaka kusema ahsante, naye anaweka kidole mdomoni. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwenye kanda.

Mama alikuwa kasimama mlangoni na bakuli. Hakusema kitu cha kuchekesha.

Ijumaa, 2 Mei

Bitana imekwisha. Vifungo vinne. Nimelipiga pasi, nimelitundika nyuma ya pazia.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi Mjomba kasema, "Lilete. Nataka kulivaa."

Nikasema bado pasi. Kasema, "Lilete."

Nikamkalisha kitandani, nikamvalisha mkono mmoja mmoja. Yeye ni fundi, jamani. Huwezi kumvalisha fundi koti la thelathini na tano ukamwambia ni arobaini na mbili. Likamkaa kama alizaliwa nalo. Akalifunga vifungo vyote vinne. Akapitisha kidole ndani ya kola, akavuta kwenye kwapa, akajigusa bega.

"Sufu haikatiki kama sare," kasema. "Sare inalia kama karatasi. Sufu inapumua. Nimekata sufu kabla mama yako hajaolewa. Nilikusikia siku ile ile."

Nikapiga magoti.

"Wiki mbili nangoja uniambie. Kila asubuhi nasema leo atasema. Ulidhani nitakufa nikijua kuwa mtu anazeeka? Na mimi huyu unayemvalisha ni nani, kijana wa miaka ishirini?"

"Nisamehe, Mjomba."

"Ningekasirika," kasema. "Ningekasirika siku moja. Halafu tungelikata pamoja. Umeninyima siku hiyo."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye akangoja nimalize, akaniuliza mzee yukoje. Nikamwambia yote aliyosema Nesi, na lile la baridi, na blanketi siyo lake. Akaangalia dirishani sana.

"Mimi nilipima televisheni," kasema. "Wewe umempima mtu. Ni sawa." Halafu akanyoosha mkono mbele yangu. Pindo la mkono wa koti lilikuwa limemwachia kiganja na juu ya kiganja, mifupa nje. "Lakini hapa umeharibu. Mtu anapungua kifua, anashuka bega, mgongo unakunjika. Mkono haupungui. Mzee anabaki na mikono ya ujana wake. Umemkata mikono, mpuuzi wewe."

Ndiyo mara ya kwanza kaniita mpuuzi na nikafurahi.

"Mabaki uliyaweka?"

Nikatoa mfuko chini ya meza.

Jumatano, 7 Mei

Anataka kuunga yale mabaki kwenye pindo za mikono mwenyewe, kwa sindano ya mkono. Mama kasema atajichoma. Kasema, "Nijichome, kwani nitavuja nini?" Mama akaenda kulia jikoni, kafungulia bomba tusisikie.

Ijumaa, 9 Mei

Sindano saba. Halafu analala. Kastabini inamdondoka kidoleni, imekuwa kubwa, nimeijaza pamba.

Jumapili, 11 Mei

Mkono wa kushoto umekwisha. Nyuzi zimekwenda upogo, moja ndefu moja fupi, kama njia ya kuku. Kaliinua akaangalia. "Mteja angenirudishia," kasema. Nesi na Fundi Saa walikuwepo, hawakuangalia kipindi, walimwangalia yeye. Nesi akamshikia taa. Fundi Saa kasema, "Tatizo la huyu bwana hata saa yake imesimama, tungemshonea na saa," na Mjomba kacheka bila sauti, mabega tu.

Akanivuta sikio karibu. "Mkono wa kulia ukinishinda, malizia. Na upeleke wewe. Mkabidhi mkononi, usimwachie mwuguzi. Na useme kitu. Usiingie tu ukasimama kama mlingoti."

"Nitasema nini?"

"Wewe ndiye unayeandika."

Jumatano, 14 Mei

Mjomba amefariki leo saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imeacha. Nilikuwa nashona, nikasimamisha cherehani kubadilisha uzi, na kule chumbani nako kulikuwa kimya.

Mkono wa kulia sindano kumi na moja. Sindano bado imechomekwa.

Alhamisi, 15 Mei

Tumemzika. Watu wengi, nusu yao wamevaa nguo alizoshona yeye. Nilikuwa naangalia mishono.

Jumamosi, 17 Mei

Mama kalichukua koti. Nilikuta nyuma ya pazia hakuna kitu. Analo kitandani kwake, kalala nalo, kashika ule mkono wa kushoto wenye nyuzi za upogo.

"Hulipeleki," kasema. "Yule mzee hamjui kaka hata jina. Hakumbuki hata yeye mwenyewe ni nani. Hili ni la kaka yangu. Lina kifua chake. Ulilikata kwenye mwili wake wewe mwenyewe, usinidanganye."

Ni kweli. Thelathini na tano ni kifua cha wote wawili. Nikatoka.

Jumapili, 18 Mei

Hakuna aliyekuja. Alasiri Mama katoka chumbani, kaingia kwa Mjomba, akaniambia, "Niwekee hicho cha mwisho." Miaka yote hajawahi kukaa kuangalia. Kakaa kitandani na lile koti mapajani. Akaangalia mpaka kwenye benchi, mtoto analia, halafu picha ikaruka, Bwana Kimya anatembea na shati.

"Koti kalipeleka wapi?" Mama akauliza.

Hapa deki ilikula, nikamwambia.

"Sasa mi nitajuaje?"

Basi nikasema. Nilisimama karibu na televisheni nikasema kama Mjomba alivyosema, vifungo kuanzia chini, maji yanatikiswa kwanza, kidole mdomoni. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu, hata mbele ya Mama. Nilisema nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua, Mama alikuwa anaangalia ule mkono wa kulia, na sindano yake.

"Malizia," kasema. Akanipa koti.

Nilijaribu kushona upogo kama yeye. Nilishindwa, mkono wangu umezoea kunyooka. Kwa hiyo kushoto ni Mjomba, na kulia sindano kumi na moja ni Mjomba, zinazofuata ni mimi. Mtu akiangalia ataona pale tulipopokezana.

Jumanne, 20 Mei

Nesi kaja mbio, mwavuli umegeuka nje ndani. Rafiki yake kapiga simu. Mzee hajatoka kitandani tangu Jumapili, hawadhani atafika hiyo tarehe 24. Fundi Saa kakimbilia stendi, karudi kasema basi lilikuwa la saa nane lakini leo linawahi mvua, linaondoka saa nne, na nafasi imebaki moja.

Wote wakaniangalia.

Nesi kanipa karatasi yenye jina la ile nyumba na jina la mwuguzi. Kasema, "Mwambie..." halafu kasema basi, usimwambie. Fundi Saa kanivalisha saa yake mwenyewe mkononi. Inatembea.

Koti nimelikunja kwenye nailoni mbili. Mama kasema nilivae, nje mvua ni ya kuua. Nimekataa, siyo langu. Kanisimamia mlangoni kashika mwavuli, ananiambia unaandika nini sasa hivi, mwendawazimu.

Naandika nitakachosema, nisije nikasahau. Shikamoo mzee. Uliliacha koti lako kituoni. Ndiyo hilo tu, nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Akisema nimekosea mtu, nitamvalisha hivyo hivyo.

Lazima niondoke sasa. Dereva kamwambia Fundi Saa maji yakifika darajani hakuna basi jingine mpaka mvua iishe, na yule mzee anasikia baridi.